Si kila injini inayogonga "imenoki"

Jumamosi moja asubuhi jirani yangu aliwasha Toyota IST yake aende sokoni, na kabla hajafika getini watu watatu walikuwa wameshaizunguka. Injini ilikuwa inagonga. Tak-tak-tak-tak, mlio mkavu, na kila akikanyaga mafuta nao unaongeza mwendo. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria pale nje akasema, "Mama, hiyo imenoki." Mpangaji wa nyumba ya nyuma akasema hapana, ni tapeti tu, aweke oili nzito itanyamaza. Fundi aliyepigiwa simu akausikiliza mlio kwenye simu hiyohiyo, akasema injini ishushwe, atafutiwe nyingine ya mtumba, maana konrodi imeshaachia.

Watu watatu, majibu matatu, na mwenye gari amesimama na funguo mkononi anapiga hesabu ya pesa zake za kikoba.

Tumezoea kusema kwamba kila homa si malaria, na zahanati siku hizi hazitakiwi kutoa dawa ya malaria bila kipimo. Lakini kwa injini bado tunatibu kwa kusikia. Mlio wa kugonga ni kama homa: unakwambia kuna tatizo, haukwambii ni tatizo gani. Magonjwa yanayotoa mlio huo ni mengi. Mengine yanatibiwa kwa spana moja kwa dakika tano, mengine yanaua injini kabla hujafika kituo kinachofuata. Gharama kubwa ninazoziona watu wakizilipa zinatokana na kuyachanganya.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu fujo inaanzia hapo. Mwenye gari akisema "injini yangu imenoki", mara nyingi anamaanisha imekufa. Fundi akisema hivyo, anamaanisha beringi za konrodi zimelika na chuma kinapiga chuma. Mhandisi wa injini naye ana maana yake: mafuta yanajilipukia yenyewe ndani ya silinda bila kusubiri utaratibu, jambo linaloweza kuipata hata injini nzima isiyo na kasoro ya chuma. Ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Humu nitaviita noki ya moto na noki ya chuma, ili tusipotezane njiani.

Mguu, pedeli na utando wa oili

Ukitaka kuielewa injini, mwangalie mtu anayeendesha baiskeli. Goti linapanda na kushuka, pedeli inazunguka, na kati yao kuna mguu unaogeuza kupanda na kushuka kuwa mzunguko. Kwenye injini, goti ni pistoni inayopanda na kushuka ndani ya silinda. Mguu ni konrodi. Pedeli ni krenki, ile shafti nzito iliyo chini ambayo mwishowe ndiyo inayozungusha matairi. Juu ya silinda kuna vilango, yaani valvu, vya kuingiza hewa na mafuta na kutoa moshi. Vilango hivyo vinafunguliwa na shafti nyingine, kamshafti, ambayo huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Shika hesabu hiyo ya nusu, itatufaa baadaye.

Pale unyayo unapokutana na pedeli, yaani konrodi inaposhika krenki, ndipo penye beringi. Watu wengi wakisikia beringi hufikiria zile za gololi kwenye tairi. Hizi si hizo. Ni vipande viwili vyembamba vya nusu duara vinavyoizunguka krenki kama bangili, na kati ya bangili na krenki kuna nafasi ndogo ajabu: takriban sehemu mbili hadi tano za mia moja ya milimita. Unywele wako haupiti hapo. Nafasi hiyo inajazwa na oili inayosukumwa na pampu, na krenki inaelea juu ya utando huo wa oili bila kugusa chuma. Injini inayofanya kazi sawasawa ni injini ambayo vyuma vyake vikubwa havigusani.

Utando huo unabeba mzigo wa kutisha. Injini ya 1NZ, ambayo imo kwenye IST nyingi za cc 1500 na Probox zilizojaa barabarani kwetu, ina silinda yenye kipenyo cha milimita 75. Gari likibanwa mlimani, moto ndani ya silinda unaweza kusukuma kwa zaidi ya kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba. Piga hesabu: zaidi ya tani mbili juu ya pistoni moja, kama IST mbili zimekalia kopo. Krenki ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, kila silinda inapigwa hivyo mara 25 kwa sekunde. Kinachozuia nyundo hiyo isivunje chuma ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele.

Noki ya moto

Mkulima akichoma nyasi kavu kuanzia upande mmoja wa shamba, moto unatembea taratibu mpaka upande wa pili. Ndivyo silinda inavyotakiwa kuwaka: plagi inatoa cheche, moto unasambaa kutoka hapo hadi kingo, pistoni inasukumwa kwa nguvu yenye mpangilio. Sasa fikiria nyasi za upande wa pili zimepata joto na kubanwa kiasi kwamba zinajiwasha zenyewe kabla moto haujazifikia. Shinikizo linaruka ghafla, mawimbi yake yanapiga kuta za silinda, na kuta zinalia kama kengele, mara elfu sita au saba kwa sekunde.

Hiyo ndiyo noki ya moto, na mlio wake si tok-tok nzito. Ni mlio mwembamba, wa haraka, kama kokoto zinazotikiswa kwenye debe. Unausikia gari likiwa na mzigo, unapanda mlima wa Kitonga na abiria wanne na mizigo nyuma, umekanyaga mafuta mpaka chini na gia bado ni kubwa. Ukilegeza mguu, unaondoka. Gari likisimama likiunguruma tu, huusikii. Kwa hiyo mlio unaosikika gari limesimama getini, kama wa jirani yangu, hauna uhusiano na jambo hili, na hapo tayari umefuta mstari mmoja kwenye orodha.

Vyanzo vyake vinajulikana: injini kuchemka, masizi mengi juu ya pistoni, cheche kuwahi, plagi zisizo za injini hiyo, au petroli mbovu. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni mwaliko wa moja kwa moja, kwa sababu mafuta ya taa hujiwasha kirahisi sana yakibanwa. Uchakachuaji huo ndiyo moja ya sababu Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusilipe.

Hapa ndipo inapoingia okteni, namba ambayo inaeleweka vibaya kuliko zote kituoni. Okteni haipimi nguvu ya petroli. Inapima uvumilivu wake: inaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani bila kujiwasha. Injini yenye mbano mkubwa au yenye tabo inahitaji petroli mvumilivu. Injini iliyoundwa itumie petroli ya kawaida, kama 1NZ ilivyoundwa itumie petroli ya kawaida ya Japani, haipati nguvu ya ziada kwa kuwekewa ya bei kubwa. Ni kumpa mtu mwavuli wa pili wakati hanyeshewi.

Na dunia iliwahi kulipa gharama nzito kwa ajili ya noki hii. Mwaka 1921, kwenye maabara ya General Motors huko Dayton, Marekani, Thomas Midgley aliyekuwa chini ya Charles Kettering aligundua kwamba kuongeza madini ya risasi kidogo kwenye petroli kunaituliza. Ilifanya kazi vizuri, na ikaisambaza sumu ya risasi hewani kwa karibu miaka mia moja, sumu inayoharibu ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimefanya hivyo. Algeria ndiyo iliyokuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Nikisikia mtu anasema petroli ya zamani ilikuwa "na nguvu", nakumbuka hili.

Magari ya kisasa yana sikio lao. Kwenye bloku, yaani mwili wa injini, kuna kihisio kinachosikiliza mtetemo wa noki, na kompyuta ikiusikia inachelewesha cheche. Ndiyo maana huenda usisikie chochote, ila utaona gari limekuwa zito mlimani na linakula mafuta zaidi. Jambo jingine linalowashangaza madereva ni mwinuko. Gari la Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kwa kuwa mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, linaweza kuwa kimya mwaka mzima, kisha likaanza kulia kokoto likifika Mombasa. Hewa ya pwani ni nzito zaidi, silinda inajaa zaidi, mbano unapanda. Dereva analaumu kituo alichojazia njiani, Voi, kumbe ni hewa.

Dizeli zina habari yake. Hazina plagi za cheche, zinawaka kwa mbano peke yake, kwa hiyo kugonga kidogo ni sauti yao ya kuzaliwa. Kinachotakiwa kukushtua ni mabadiliko: silinda moja ikianza kugonga kuliko wenzake, mara nyingi ni nozo, kile kinachonyunyizia mafuta ndani ya silinda.

Noki ya chuma

Hii ndiyo inayoua, na naiandikia kwa uchungu kwa sababu ilinipata.

Nilikuwa na gari dogo lenye injini hiyohiyo ya 1NZ. Kwa wiki kadhaa taa nyekundu ya oili, ile yenye umbo la birika linalodondosha tone, ilikuwa inawaka na kuzima nikiwa kwenye foleni, injini ikiwa ya moto. Nikikanyaga mafuta inazima. Nikapima oili kwa stiki: ipo, imefika alama ya juu. Nikampelekea fundi. Akasema ni swichi tu, hizi taa zinasumbua, akachomoa waya. Taa ikanyamaza, na mimi nikanyamaza nayo.

Wiki mbili baadaye, natoka Morogoro, nimeshaipita Chalinze, nikaanza kusikia kitu chini ya miguu. Mwanzoni kama mtu anayegonga mlango kwa mbali. Kilikuwa kinasikika zaidi nikishika mwendo mmoja kisha nikalegeza mguu kidogo. Baada ya kilomita chache ikawa nyundo. Nikazima, gari likavutwa. Sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ilipofunguliwa oili ilitoka inametameta kama rangi ya kucha, na hiyo haikuwa rangi, ilikuwa ni beringi. Kipande kilichotolewa kwenye konrodi ya tatu kilikuwa kimepondeka na kutanuka, chembamba kama kizibo cha soda kilichopitiwa na matairi barabarani, na rangi ya shaba imejitokeza pale ambapo ngozi ya juu ilikuwa imeliwa yote. Krenki nayo ilikuwa imechimbika mitaro ambayo kucha yangu iliingia.

Taa haikuwa inasumbua. Ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza, mimi ndiye sikuijua lugha yake. Taa ile haipimi kiasi cha oili, inapima msukumo wa oili. Oili inaweza kujaa kwenye sampu na bado isifike kwenye beringi, kwa sababu chujio la chini limezibwa na tope la oili iliyokaa mno, kama lilivyokuwa langu, au pampu imechoka, au beringi zimelika kiasi kwamba oili inavuja pembeni kabla ya kujenga msukumo. Ni kama tenki la maji lililojaa juu ya paa na bomba limeziba: tenki unaliona limejaa, bafuni hakuna kitu. Na kwa nini taa iliwaka injini ikiwa ya moto na ikiunguruma tu? Kwa sababu oili ya moto ni nyepesi, na pampu inazungushwa na injini, kwa hiyo mwendo mdogo ni msukumo mdogo. Hapo ndipo udhaifu wowote unajionyesha kwanza.

Basi alama za noki ya chuma ni hizi: mlio mzito unaotoka chini, unaofuata mwendo wa krenki, unaozidi injini ikipata moto, na mara nyingi unaoambatana na taa ya oili kumetameta. Ukipata mlio wa namna hiyo pamoja na taa, zima gari hapohapo. Usilisogeze hadi gereji. Beringi pekee zinaweza kubadilishwa kama krenki haijachimbika. Ukiendelea kilomita kumi, konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku, na hapo hakuna cha kutengeneza.

Tapeti, na pistoni inayopwaya

Milio miwili inayochanganywa na ule wa beringi inatoka juu ya injini au katikati yake.

Tapeti ni vipande vinavyopokea pigo la kamshafti na kusukuma valvu. Nafasi yake ikizidi, zinatoa tik-tik nyepesi, kama cherehani. Na hapa ile hesabu ya nusu inafanya kazi. Injini ikiunguruma kwa mizunguko 700 kwa dakika, krenki inazunguka karibu mara 12 kwa sekunde, kamshafti mara 6. Kilicholegea kwenye konrodi kinafuata mwendo wa kwanza, kinachotokea mara moja kwa kila mzunguko wa valvu au wa cheche kinafuata wa pili. Sikio haliwezi kuhesabu 12, lakini mtu yeyote aliyewahi kucheza ngoma anajua tofauti kati ya mdundo na nusu ya mdundo. Tapeti zilizolegea si dharura. Kwenye 1NZ hakuna tapeti za kujirekebisha kwa oili, fundi anapima nafasi na kuweka kikombe cha unene mwingine.

Pistoni inayopwaya nayo hugonga ukuta wa silinda asubuhi, injini ikiwa baridi, kisha inatulia baada ya dakika chache kwa sababu pistoni ikipata joto hutanuka na kujaza nafasi. Wenye Subaru Forester za injini za EJ wanaijua vizuri sauti hiyo ya alfajiri. Nyingi hukaa nayo miaka.

Linganisha tabia. Pistoni: baridi inalia, moto inatulia. Beringi: baridi imetulia au inalia kidogo, moto inazidi. Kama ukikumbuka swali moja tu la kumwambia fundi, liwe hili: inagonga zaidi ikiwa baridi au ikiwa ya moto?

Kisha kuna yale yasiyo ya ndani ya injini kabisa. Bati la kuzuia joto la ekzosi likikatika skrubu linacharaza kama kopo. Gasketi ya manifoldi ikivuja inatoa tik-tik ambayo hupungua chuma kikipata joto. Puli ya mbele iliyopasuka mpira, pampu ya maji iliyopwaya, mauntingi (mpira unaoshikilia injini) iliyokatika inayogonga mara moja ukiweka gia ya D au R. Kwenye gari za otomatiki kuna bolti zinazoshika sahani kati ya injini na gia boksi, zikilegea au sahani ikipasuka, mlio wake unafanana na wa konrodi kiasi cha kuwapoteza hata mafundi wazoefu. Injini nzima zimewahi kutupwa kwa sababu ya bolti hizo.

Kupima kabla ya kushusha

Fundi makini hufika sauti inakotoka kabla ya kutaja bei. Chombo chake cha kwanza ni bisibisi ndefu: ncha anaiweka kwenye chuma cha injini, mpini anaubana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Chuma kinabeba sauti kama stethoskopu ya daktari. Anahamisha ncha kutoka kifuniko cha juu hadi ubavu wa bloku hadi sampu, na mahali sauti inapokuwa kali ndiko pa kuchimba. Awe mbali na mikanda na feni inayozunguka, na asiwe amevaa shati linalopepea.

Cha pili ni kuizima silinda moja moja. Kwenye injini ya petroli yenye koili, inayoipa plagi umeme, juu ya kila plagi, anazima gari, anachomoa soketi ya koili moja, anawasha kwa sekunde chache, anasikiliza, anarudisha, anahamia ya pili. Mlio ukipungua silinda fulani inapokuwa haipigi, tatizo lina uhusiano na silinda hiyo. Lakini angalia: kipimo hiki kinakuonyesha nyumba, hakikuonyeshi mwizi. Beringi ya konrodi itapungua, pistoni inayopwaya itapungua, na hata kitu cha nje kinachovuja moto wa silinda hiyo kitapungua. Tapeti ndizo zisizojali. Isifanywe muda mrefu, maana petroli isiyoungua inakwenda kuharibu kichujio cha ekzosi. Na kwenye dizeli za kisasa za reli moja, yaani komonreli, mtu asithubutu kulegeza bomba la nozo injini ikiwaka kama ilivyokuwa ikifanywa kwenye dizeli za zamani. Msukumo wa humo unapenyeza mafuta ndani ya ngozi.

Cha tatu ni kufungua swichi ya oili na kufunga geji pale. Mafundi wengi wanatumia kipimo cha msukumo wa takriban PSI 10 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa ya moto. Cha nne, filta ya oili ichanwe, karatasi yake itandazwe kwenye mwanga. Ikimetameta vipande vya fedha au shaba, beringi zinaliwa. Vipimo vyote vinne havizidi saa moja. Fundi anayekataa kuvifanya na anataka injini ishushwe, mtafute mwingine.

Kuna tiba mbili za mtaani ambazo naomba tuziache. Ya kwanza ni oili nzito. Kwenye kopo la 5W-30, namba yenye W inasema oili inavyotiririka kwenye baridi, namba ya pili inasema uzito wake ikiwa kwenye joto la injini. Mtu anayeweka 20W-50 kwenye injini iliyoundwa kwa 5W-30 anaweza kuupunguza mlio kwa muda, kwa sababu utando mzito unajaza pengo. Beringi haijapona hata kidogo. Kilichopona ni masikio, na kila asubuhi oili hiyo inachelewa kufika juu kwenye kamshafti. Wauzaji wengine wa magari huitumia kuficha ugonjwa siku ya mteja kuja kujaribu, kwa hiyo ukienda kununua gari, chomoa stiki uone oili inavyodondoka, na uombe kuliwasha likiwa limelala usiku mzima.

Ya pili ni kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa kabla ya kumwaga oili. Dizeli haina nguvu ya kubeba zile tani mbili. Isitoshe, tope inalobandua linaenda kuziba chujio la pampu, lilelile lililoniua mimi.

Sasa turudi getini. Nilimwuliza jirani yangu maswali manne. Imeanza lini? Jana jioni, baada ya kutoka sevisi. Taa ya oili? Haijawaka hata mara moja. Baridi na moto? Sawasawa. Mlio unatoka chini au juu? Juu, alisema, na alikuwa sahihi, maana bisibisi ilipogusa sampu kulikuwa kimya, na ilipogusa kifuniko cha juu ikalia sikioni. Mdundo wenyewe ulikuwa wa nusu, wa sita kwa sekunde, si wa kumi na mbili. Fundi mwingine niliyemwita akachomoa koili ya pili, na kabla hajaweka mkono tukasikia harufu ya moshi ikipanda kutoka kwenye shimo la plagi. Kuta za shimo zilikuwa na masizi mabichi, meusi ya kung'aa. Akaingiza spana ya plagi ya milimita 16, akaigeuza kwa vidole viwili, nayo ikageuka. Wakati wa sevisi plagi ilikuwa imezungushwa kwa mkono na haikukazwa, na kila silinda ilipopiga, moto ulikuwa unatoka pembeni mwake na kupiga tak.

Aliitoa, akaifuta, akakagua nyuzi kama hazijaliwa, akairudisha na kuikaza kwa kipimo. Akakagua na zile tatu nyingine. Gari likawashwa, likaunguruma. Jirani yangu alibaki ameshika usukani anasikiliza kwa muda, kisha akauliza, "Hivyo tu?" Saa tano alikuwa sokoni.